Kwa mdogo wangu wa fildi Mafinga anayetaka benki ya uwekezaji

Kamwene mdogo wangu. Swali lako nimelisoma mara mbili, kwamba upo fildi idara ya fedha kwenye kampuni ya mbao hapo Mafinga, toka asubuhi hadi jioni unalinganisha ankara za magogo na malipo ya benki, unatamani kuja kufanya kazi benki ya uwekezaji na wenzako wanakwambia ukishaanzia chumba cha nyuma ndo basi tena. Mi nilianzia huko huko, ila Mbeya, na sa hivi nipo Dar kwenye timu inayoshauri kampuni zinazouza hisa na hatifungani (karatasi za kukopa hela kwa wawekezaji). Ntaandika kirefu, vumilia.

2017 nimemaliza Mzumbe, kampasi ya Mbeya, nikapata intenshipu ya miezi sita kwenye tawi la benki moja. Nikawekwa nyuma kule mteja hakuoni, kusawazisha akaunti. Siku moja tofauti ya 270,000 ikatukalisha hadi saa mbili usiku, na baridi ya Juni ya Mbeya unaijua, akaja mama mmoja mhasibu wa siku nyingi akaniuliza, umeigawa kwa 9? Nikagawa, ikatoka 30,000 kamili. Akasema haya, tafuta mtu aliyegeuza tarakimu. Kweli bwana, 630,000 ilikuwa imeingizwa 360,000. Tofauti ikigawanyika kwa 9 bila baki kitu cha kwanza shuku hicho, na mpaka leo natumia kwenye modeli za mabilioni, kwa hiyo usiidharau hiyo kazi unayofanya, jicho la kuona namba iliyokaa vibaya wengi waliopita njia ya mkato hawana.

Mwaka huo huo Vodacom wakawa wanauza hisa kwa umma, asilimia 25 ya kampuni, hisa milioni 560 kwa shilingi 850 kila moja, jumla bilioni 476. Fomu zikawa nyingi tawini nikaitwa mbele kusaidia watu kujaza. Akaja mama wa Uyole anauza viazi, anataka hisa 100, ile 85,000 kaifunga fundo kwenye pembe ya kitenge, anaifungua taratibu noti moja moja. Kabla hajasaini akaniuliza, "Mwanangu, hii 850 nani kaipanga?" Nikasema kampuni yenyewe, mama. Akaniangalia. "Na wao wamejuaje kama siyo 500?"

Sikuwa na jibu. Nina digrii ya fedha mkononi na sikuwa na jibu la kumpa mtu anayenikabidhi hela ya viazi. Jioni nikaondoka na waraka wa matarajio, ule unaoieleza kampuni na hisa inazouza, nikakaa nao nyumbani Soweto hapo hapo Mbeya karibu wiki mbili, nasoma narudia, na hapo ndo nikajua nataka kufanya nini maishani. Manake kule nyuma unaulizwa hesabu zimekubaliana au hazijakubaliana, kwenye benki ya uwekezaji unaulizwa swali la yule mama, hiki kitu thamani yake ni shilingi ngapi na umejuaje. Kwa hiyo kuhama ni kujifunza kujibu hilo swali hadi mtu akuamini, mengine yote yanakuja baada ya hapo.

Na wewe umekaa sehemu nzuri kuliko nilivyokuwa mimi! Angalia dirishani, hiyo misitu. Chukua shamba la paina litakalovunwa baada ya miaka 15, tuseme litatoa milioni 100. Leo lina thamani gani? Ukitumia riba ya asilimia 15, yaani unaigawa hiyo milioni 100 kwa 1.15 mara kumi na tano, inakuja kama milioni 12.3, ukitumia 12 inakuja milioni 18.3. Mti ni ule ule, udongo ule ule, hakuna aliyeongeza hata mche mmoja. Sasa hiyo riba unaitoa wapi, unaanza na anacholipa serikali, ndo maana mwaka 2022 riba ya hatifungani mpya ya serikali ya miaka 25 iliposhushwa kutoka asilimia 15.95 hadi 12.56 ilibidi watu wa kazi hii warudie mahesabu yao upya. Wazee wa vijijini huko Mufindi wanaouza shamba la miti likiwa changa kwa shida ya ada au matibabu wanauziana kwa kukadiria tu, na inaniuma, coz anayenunua mara nyingi hesabu hii anaijua na anayeuza haijui. Wewe una ankara mbele yako, unajua magogo yananunuliwa bei gani kwa kyubiki na usafiri unakula kiasi gani. Kaa jioni ufungue Excel ulithamini shamba moja kama vile kuna mtu kesho anataka kulinunua.

Ukimaliza nenda kwenye benki. Hapo hapo Mafinga ilianzia Mucoba, benki ya wananchi wa Mufindi ikaingia Soko la Hisa la Dar es Salaam, taarifa zake siyo nene, zinafaa kuanzia. Ila benki haipimwi kama kiwanda, amana za wateja kwake ni malighafi, kwa hiyo usiende na ile fomyula ya shamba la miti, angalia mtaji, mikopo chechefu (isiyolipwa vizuri), na faida inayopatikana juu ya mtaji. Alafu soma habari za saruji. Amsons waliochukua asilimia 65 za Holcim kwenye kiwanda chetu cha saruji cha Songwe, mwaka 2024 walikwenda Kenya wakatoa ofa ya shilingi 65 za Kenya kwa hisa ya Bamburi, kampuni ya saruji ya huko, wakati sokoni inauzwa 45. Savannah Clinker, kampuni nyingine, nao wakaja na 70, wakapanda tena, mwishoni Savannah wakajitoa, Amsons wakachukua. Jiulize kwa nini mtu alipe 65 kitu kinachouzwa 45, andika ukurasa mmoja wa jibu lako mwenyewe. Ukurasa huo una faida kuliko sivii ya kurasa nne.

Njia yangu yenyewe haikunyooka. Niliomba kampuni moja ya ushauri Dar, wakanijibu mimi ni mtu wa operesheni, siwafai, niliumia sana. Nikaingia kwa dalali wa hisa, tena nyuma tena, kufungua akaunti za CDS (zile za kutunzia hisa za mteja) na kufuatilia malipo ya miamala. Mshahara mdogo, chumba Tabata. Ila nilikuwa nyumba moja na wanaofanya dili, na ndo ushauri wangu mkubwa kwako, kama ni lazima uanzie nyuma basi iwe nyuma ya watu wanaofanya kazi unayoitaka. Kama mwaka na miezi miwili hivi wakapata kazi ya hatifungani, wakakosa mtu wa kuhakiki namba za waraka usiku, nikajitolea. Nikakuta jedwali moja halikubaliani na mizania, nikagawa kwa 9. Baada ya hapo wakawa wananiita wenyewe.

Kabla ya kuhamishwa rasmi nilifanyiwa intavyuu na swali lilikuwa hili, uchakavu wa mashine umeongezeka kwa milioni 10, nini kinatokea kwenye taarifa zote tatu, ya faida na hasara, ya mtiririko wa fedha na mizania? Lijue kama jina lako. Faida kabla ya kodi inapungua 10, kodi ya kampuni kwetu ni asilimia 30 kwa hiyo kodi inapungua 3 (tuchukulie TRA wameukubali uchakavu wote), faida halisi inapungua 7. Kwenye mtiririko wa fedha unaanza na hasi 7, unarudisha ile 10 kwa sababu hakuna hela iliyotoka mfukoni, fedha inaongezeka 3. Kwenye mizania mashine imeshuka 10, fedha imepanda 3, mali zimepungua 7, na upande wa pili mtaji umepungua 7.

Vyeti, ile kozi ya CMSA (mamlaka ya masoko ya mitaji) wanayoendesha na CISI, taasisi ya Uingereza ya watu wa hisa na uwekezaji, ifanye ukipata ada, CPA ya uhasibu kama umeshaianza usiiache. London na New York wanachukua zaidi wanafunzi waliopita intenshipu zao za kiangazi wakiwa bado chuoni, usijenge mpango wako wote huko, angalia Dar na Nairobi kwanza.

Umeuliza kama uache fildi. Usiache, maliza. Muombe msimamizi wako akuonyeshe mkataba wa mkopo wa kampuni na jinsi walivyoamua kununua mashine ya mwisho, wengi hawakatai wakiona mtu ana nia. Na ile thamani ya shamba ukishaipata ilete hapa, ntakuuliza riba umeitoa wapi.