Kundi la Pili Litapewa Nini? Ushauri kwa Anayeombwa Kuingia Katika Majaribio ya Tiba Kemikali ya Mseto

Mgonjwa wa saratani iliyokwisha kusambaa akiombwa kushiriki katika majaribio ya tiba kemikali ya mseto, yaani dawa kadhaa za kuua chembe za saratani zinazotolewa pamoja, maswali yanayotangulia nyumbani kwa kawaida ni mawili: kama atalipwa, na kama anageuzwa panya wa maabara. Yote mawili yanastahili jibu. Hata hivyo, baada ya kumuuguza kaka yangu, aliyekuwa na saratani ya utumbo mpana iliyofika kwenye ini, naona liko swali lenye uzito kuliko hayo: wale ambao hawatapewa mchanganyiko mpya wa dawa, yaani kundi la pili la kulinganishia, watapewa nini? Ukijibiwa hilo kwa lugha unayoielewa, sehemu kubwa ya fomu ya ridhaa inakuwa nyepesi kusomeka. Mimi si daktari. Ni mwalimu wa sekondari hapa Tukuyu ambaye familia ilimwachia kazi ya kusoma karatasi na kuuliza, na haya ninawaandikia ndugu wa Rungwe, Mbeya mjini, Njombe na Iringa watakaojikuta na kazi hiyohiyo.

Sababu ya kuchanganya dawa si ngeni kwetu. Kila mtaa una mtu aliyewahi kutibiwa kifua kikuu, akameza dawa nne kwa miezi miwili ya kwanza na mbili kwa miezi minne iliyofuata, kwa kuwa dawa moja peke yake huacha vimelea sugu vilivyobaki vikazaliana upya. Katika miaka ya 1960 madaktari wa Marekani, miongoni mwao Emil Frei na Emil Freireich, waliichukua hoja hiyo ya kifua kikuu na kuipeleka kwa watoto wenye saratani ya damu, wakawapa dawa nne kwa pamoja wakati ambapo wenzao wengi waliona kufanya hivyo ni ukatili. Watoto ambao kila dawa ikitolewa peke yake iliwapa nafuu ya muda mfupi tu walianza kupata nafuu ya muda mrefu, na hatimaye baadhi yao kupona kabisa. Jirani zetu wa Uganda wamo katika historia hii: uvimbe wa taya za watoto ambao daktari Denis Burkitt aliueleza kitaalamu mwaka 1958 ulikuja kufanyiwa majaribio ya dawa moja moja na za mchanganyiko katika taasisi ya saratani iliyoanzishwa Kampala mwaka 1967. Kwa hiyo anayekuambia kwamba majaribio ya dawa za saratani ni jambo lililoletwa Afrika Mashariki juzi hajui anachosema.

Tatizo ni kwamba watu husikia habari za watoto waliopona, kisha wakazihamishia kwa baba mwenye saratani ya kongosho, ya utumbo au ya koo iliyofika kwenye ini. Kwa saratani nyingi za namna hiyo, mseto wa dawa huongeza muda na kupunguza mateso. Kuponya kabisa ni nadra. Mfano mzuri ni jaribio la Ufaransa lililochapishwa mwaka 2011, ambalo lilihusisha wagonjwa 342 wenye saratani ya kongosho iliyosambaa. Nusu walipewa gemsitabini peke yake, dawa iliyokuwa ya kawaida wakati huo, na nusu wakapewa mchanganyiko unaoitwa FOLFIRINOX. Muda wa kati wa kuishi ulikuwa miezi 6.8 kwa kundi la kwanza na miezi 11.1 kwa kundi la mchanganyiko. Tarakimu hizo zinahitaji kusomwa kwa utulivu, kwa sababu muda wa kati haumaanishi kwamba kila mgonjwa aliishi miezi 11; maana yake ni kwamba nusu yao waliishi chini ya hapo na nusu wakaupita, wengine kwa mbali. Pia zilikuwa na gharama yake: kwa asilimia 45.7 ya waliopata mchanganyiko, chembe nyeupe za damu zilishuka sana, wakati upande wa pili ilikuwa asilimia 21.

Kuna jambo jingine katika jaribio hilo ambalo ningependa kila familia iliulizie. Waliokubaliwa kuingia walikuwa na umri usiozidi miaka 75, na walikuwa bado na nguvu, yaani wakitembea na kujihudumia wenyewe. Majaribio mengi hupima hali ya mgonjwa kwa alama kuanzia 0, ambaye anafanya kazi zake zote, hadi 4, ambaye hawezi kutoka kitandani. Kama mzazi wako hushinda kitandani zaidi ya nusu ya mchana, matokeo yaliyopatikana kwa watu wenye alama 0 na 1 hayamhusu moja kwa moja, na daktari anayekataa kumwandikisha hamnyanyapai. Nimeshuhudia ndugu wakimkasirikia mtafiti kwa kumkataa mgonjwa wao, wakaanza kutafuta mtu wa kuwaunganisha, kana kwamba dawa kali zingemsaidia mtu ambaye figo zake zimeshindwa kazi.

Sasa nirudi kwenye kundi la pili. Siku kaka alipoelezwa kwamba kompyuta ndiyo itakayompangia kundi, shangazi aliamini kuwa hiyo ni lugha ya adabu tu, na kwamba wenye majina makubwa watapelekwa kwenye dawa mpya. Kaka akapangiwa tiba ya kawaida, nyumbani wakapokea habari hiyo kama msiba. Kilichonisaidia kuwatuliza ni jaribio lililofanyika katika nchi kadhaa, zikiwemo Kenya, Uganda na Malawi, na kuchapishwa mwaka 2020, kuhusu Kaposi sakoma (saratani inayoonekana hasa kwenye ngozi) iliyofikia hatua ya juu kwa watu wanaoishi na virusi vya ukimwi. Wote walipewa dawa za kufubaza virusi, kisha wakagawanywa katika makundi: wengine walipata paklitakseli peke yake, wengine mchanganyiko wa bleomisini na vinkristini, wengine etoposidi ya kumeza. Mtu angebashiri kwamba dawa mbili zitaishinda moja. Kufikia wiki ya 48, asilimia 64 ya waliopata paklitakseli walikuwa hai bila ugonjwa kusonga mbele, dhidi ya asilimia 44 ya waliopata mchanganyiko. Laiti jibu lingejulikana kabla, jaribio lenyewe lisingekuwa na haki ya kufanyika.

Kwa hiyo uliza, na usione haya kurudia: tiba ya kawaida ni ipi, na je, ndiyo ileile ambayo mgonjwa angepewa kama asingejiunga? Mara nyingi dawa mpya huongezwa juu ya tiba ya kawaida, na hata pale dawa bandia (isiyo na dawa ndani, ya kulinganishia tu) inapotumika, hutolewa pamoja na tiba hiyo. Ukiambiwa kwamba kundi la pili halitapata kitu chochote ilhali ipo tiba inayojulikana kusaidia, simama hapo na utake maelezo. Uliza pia awamu ya jaribio. Awamu ya kwanza hutafuta kipimo ambacho mwili unaweza kukihimili, ya pili huangalia kama uvimbe unaitikia, na ya tatu ndiyo hulinganisha na tiba iliyopo. Anayejiunga na awamu ya kwanza akidhani yupo katika ya tatu anangojea faida ambayo hakuna aliyemwahidi.

Maneno ya daktari baada ya picha za ndani ya mwili nayo yana vipimo. Katika majaribio mengi, uvimbe husemwa umepungua pale jumla ya vipenyo vinavyopimwa inaposhuka kwa angalau asilimia 30, na ugonjwa husemwa umesonga mbele jumla hiyo ikipanda kwa asilimia 20 au pakitokea uvimbe mpya. Katikati ya hapo huitwa kutulia, na kutulia si kushindwa.

Kuhusu baridi nitasema kwa urefu, kwa sababu fomu ziliandikwa na watu wa maeneo ya joto. Kaka alikuwa akipewa oksaliplatini pamoja na fluorourasili. Oksaliplatini ina tabia ambayo mkazi wa Dar es Salaam anaweza kumaliza dripu zote bila kuisumbukia sana: kwa siku chache baada ya dripu, kitu chochote cha baridi huchoma vidole kama sindano, na ukinywa maji ya baridi koo hukaza hadi mtu akadhani amekabwa. Mwezi wa Juni na Julai huku Rungwe, Njombe na Makete, maji ya bomba ya asubuhi yanatosha kuleta hali hiyo, sembuse kupanda bodaboda alfajiri kwenda kituo cha mabasi. Tulilazimika kumwekea maji ya vuguvugu ya kunawa na ya kunywa, glavu za sufu, na skafu ya kufunika mdomo anapotoka nje. Shemeji akamkataza kabisa kugusa viazi vilivyotoka shambani na umande wake. Ganzi hiyo ya baridi huondoka, ila ipo nyingine inayojikusanya dripu baada ya dripu, mpaka kufunga vifungo vya shati kunakuwa kazi. Hii ya pili lazima isemwe kliniki, kwa kuwa daktari anaweza kupunguza kipimo au kuisimamisha dawa, na mgonjwa anayeinyamazia kwa kuogopa kutolewa katika utafiti anajiumiza, na pia anaharibu takwimu ambazo wengine watazitegemea.

Kisha kuna umbali. Kutoka Mbeya hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, ni zaidi ya kilomita 800 kwa barabara, kupitia Makambako, Iringa na mteremko wa Kitonga, na dripu za mseto hurudiwa kila baada ya wiki mbili au tatu. Kabla ya kutia sahihi, pata majibu ya wazi kuhusu nauli na malazi ya mgonjwa pamoja na anayemsindikiza, vipimo ambavyo utafiti utalipia na vile ambavyo familia italipia, na nani atagharamia matibabu endapo dawa ya utafiti itamdhuru. Uliza kama kipimo cha wingi wa damu kinaweza kufanyika Mbeya na majibu yakatumwa. Chembe nyeupe hushuka zaidi kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu nyingi, wakati ambapo mgonjwa amekwisha kurudi kijijini. Nunua kipimajoto. Joto likifika nyuzi 38, mpeleke hospitali ya karibu wakati huohuo, hata kama ni usiku, ukiwa na kadi iliyoandikwa majina ya dawa, tarehe ya dripu ya mwisho na simu ya watafiti. Usimpe parasetamo kwanza ukasubiri asubuhi, kwa kuwa homa itashuka na maambukizi yataendelea.

Ridhaa ni ya mgonjwa. Kikao cha ukoo ni kizuri, na sisi tulikaa, lakini nilipendekeza kaka azungumze wa kwanza kabla ya wakubwa hawajatoa msimamo, maana baada ya hapo nani angewapinga? Mzee anayeelewa Kinyakyusa, Kihehe au Kikinga vizuri kuliko Kiswahili ana haki ya kuelezwa kwa lugha hiyo, na asiyejua kusoma huweka dole gumba mbele ya shahidi aliyesikia maelezo yote. Omba nakala ya fomu uende nayo nyumbani, ulale nayo. Angalia kama utafiti una kibali cha maadili kutoka Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) na kibali cha Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Na ujue kwamba mgonjwa anaweza kujitoa siku yoyote bila kutoa sababu, na haki yake ya kutibiwa kwa njia ya kawaida inabaki palepale.

Dawa za miti shamba zisifichwe. Sizidharau, vinkristini yenyewe inatokana na mmea wenye maua ya waridi ambao asili yake ni Madagaska na ambao watu hupanda mbele ya nyumba, na paklitakseli iligunduliwa katika gome la mti. Tofauti ni kwamba hizo hupimwa kwa miligramu kulingana na ukubwa wa mwili, ilhali kikombe cha mizizi kinachonywewa kati ya dripu na dripu kinaweza kuchosha ini lilelile linalopaswa kuichakata dawa, na daktari asijue kilichotokea.

Kaka alikaa katika utafiti mpaka picha zilipoonyesha uvimbe mpya, akatolewa kwa mujibu wa taratibu, na alifariki nyumbani miezi kadhaa baadaye. Jambo ambalo fomu haikulitaja, na ambalo sasa mimi humwambia kila anayenipigia simu, ni tiba ya maumivu. Iombe tangu siku ya kwanza, ajiunge asijiunge, kwa kuwa haipingani na tiba kemikali. Kabla hamjapanda basi la kurudi, hakikisheni mmepewa barua ya rufaa inayotaja morfini ya maji na kipimo chake, kisha pigeni simu hospitali ya wilaya kuuliza kama wanayo na nani anaruhusiwa kuichukua kwa niaba ya mgonjwa.