Walionicheka kwa kusomea mafriji sasa wananiomba ushauri

Tangu niweke hapa picha ya barua yangu ya kuthibitishwa kazini Serikalini, simu haijapoa. Wengi mmenipongeza, Mungu awalipe. Meseji iliyonikaa zaidi ni ya mama mmoja wa Konde. Mwanawe kamaliza kidato cha nne, sayansi kapasi kwa wastani, na nyumba nzima imegawika. Baba anataka asome mpaka digrii, digrii yoyote. Mjomba anataka utalii kwa sababu hoteli zinajengwa kila uchao. Kijana mwenyewe anataka "mambo ya kompyuta". Mama akaniuliza: "Mwanangu, wewe uliyepata ya kudumu, nimwambie asome nini?"

Bi mkubwa, samahani kwa kuchelewa kukujibu. Nakujibu hapa kwa sababu wenye swali kama lako wamekuwa wengi. Na niseme mapema kwamba mimi si mtu wa kumwambia kijana afuate ndoto yake. Ndoto ni nzuri, ila ZSSF, ule Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, hawapokei michango ya ndoto.

Mimi ni mtoto wa Mtambwe, Pemba. Mzee wangu ni mkulima na ada yangu ilitegemea karafuu. Mwaka wa msimu mzuri nilisoma kwa raha, mwaka mbaya hata daftari lilikuwa mjadala. Kwa hiyo nilipomaliza skuli sikuwa na nafasi ya kujaribu hiki na kile. Nikajiunga na mafunzo ya amali, fani ya friji na viyoyozi. Binamu yangu, tuliyekuwa tukilala chumba kimoja tangu utotoni, akapata chuo kikuu kusomea uhusiano wa kimataifa. Ukoo ulichinja mbuzi kwa ajili yake. Kwangu mimi hakuna aliyechinja hata kuku.

Halafu ikaja harusi Wete. Shangazi yangu, mbele ya sinia la pilau na watu wamejaa, akasema: "Mmoja atakuwa balozi, mmoja atakuwa mbeba mafriji." Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao, ningefanya nini? Shangazi ni mzazi wangu na heshima yake iko pale pale. Lakini maneno yale sijayasahau, na wallahi siku barua ilipotoka wa kwanza kumtumia picha alikuwa yeye. Akanijibu kwa alama ya dole gumba, basi.

Chuoni sitawachosha. Ni mabomba ya shaba, gesi, kulehemu, umeme na kuungua vidole. Baada ya kupata cheti nikafanya kazi za mitaani kidogo, nikakusanya, nikaenda Mbweni kwenye Taasisi ya Karume kuchukua stashahada. Kwa nini niliongeza stashahada nitaeleza mbele, maana hapo ndipo vijana wengi wanapokwama.

Kazi yangu ya kwanza yenye mkataba ilikuwa hoteli moja ya mwambao wa mashariki, jina silitaji. Mliofanya kazi ukanda ule mnajua mambo yanavyokwenda. Kuanzia Juni mpaka Septemba wageni wamejaa, Disemba mpaka Februari wamejaa tena, bakshishi zipo na kila mtu anamsifu meneja. Masika ikiingia, Aprili na Mei, hoteli nyingi zinapunguza watu, na nyengine zinafunga milango kabisa. Dada wa mapokezi anaambiwa "tutakupigia". Mhudumu anaambiwa "tutakupigia". Wengine hupigiwa kweli. Wengine hurudi Juni wakakuta mtu mwengine kavaa sare yao.

Ikaja 2020. Mwezi wa Machi korona ikakata ndege za watalii na hoteli ikawa kimya. Meneja akatukusanya, akasoma majina ya wanaobaki: walinzi, fundi bomba, na mimi. Wengine wote nyumbani, bila mshahara, mpaka Mungu atakapopenda. Aliyekuwa mkubwa wangu wa kazi, mwenye digrii ya uongozi wa hoteli, alibeba begi lake siku ile ile. Nilimsindikiza mpaka getini. Sikufurahi, lakini akili yangu ilifanya hesabu.

Mimi nilibaki kwa sababu vyumba vya baridi vilikuwa na samaki na nyama. Kompresa ikizima usiku mmoja, mali yote inaoza. Vyumba vya wageni navyo, ukivifunga ufukweni bila kuwasha viyoyozi, magodoro yanaota ukungu. Na chumvi ya bahari inakula koili za nje upesi kuliko mtu wa bara anavyoweza kufikiri. Mwenye hoteli hakuwa ananipenda mimi kuliko wenzangu. Alikuwa anaogopa hasara.

Basi kipimo changu ndicho hicho, na kila anayeniuliza nampa hicho hicho. Usiulize kozi ina jina gani. Uliza: nisipoonekana kazini wiki moja, kitaharibika nini, na ni nani mwengine hapa karibu anayeweza kukitengeneza? Kama jibu ni "hakitaharibika kitu", au "yeyote anaweza", basi hata ukivaa joho, ajira yako iko mikononi mwa huruma ya mtu.

Lakini kubaki kazini na kuwa na usalama wa kazi ni mambo mawili. Mshahara ulikatwa nusu. Nilipokwenda ZSSF kuangalia michango yangu nikakuta miezi mingi mitupu, na huku kwenye karatasi ya mshahara makato yalikuwepo! Mfuko upo kwa sheria tangu 1998, na bado kuna waajiri wanaufanya siri yao. Nenda kaulizie michango yako mwenyewe, usingoje kustaafu. Niliumia sana, na mpaka leo nikipita njia ya ile hoteli nageuza uso.

Hapo ndipo stashahada iliponitoa. Vijana, soma matangazo ya nafasi za kazi ya Serikali kabla hujachagua chuo. Narudia, kabla. Wengi huyasoma wakiwa tayari na cheti mkononi, wanatafuta mahali pa kukichomeka. Chukua matangazo ya miaka mitatu minne iliyopita ya Tume ya Utumishi Serikalini, kaa nayo barazani na kalamu. Utaona maneno yale yale yanajirudia: muombaji awe Mzanzibari, awe amehitimu stashahada ya fani fulani kutoka chuo kinachotambuliwa na Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Utaona fani zipi zinarudi na zipi hujawahi kuziona hata mara moja. Utaona pia nafasi za Pemba zinaandikwa peke yake, na sisi wa huku tuna faida pale, kwa sababu wa mjini wengi hawataki kuvuka maji.

Cheti changu cha amali kilinipa ufundi, na huo ufundi ndio uliokuwa unanilisha. Kwenye tangazo lakini walitaka fundi sanifu mwenye stashahada. Kuna mafundi mitaani wananishinda mbali kwa mkono, naapa, na maombi yao yasingefunguliwa. Ndiyo maana nilikwenda Mbweni.

Sasa nashughulika na mafriji ya chanjo. Chanjo nyingi zinatakiwa zikae kati ya nyuzi joto 2 na 8. Zikipata joto zinapoteza nguvu, na baadhi yake zikiganda ndiyo zimekwisha, huzirudishi. Friji la kituo cha afya likigoma usiku, napigiwa mimi. Mke wangu analalamika. Mimi nikisikia simu ile, moyoni nasema alhamdulillahi.

Na msifikiri ufundi ni kitu unachosoma mara moja. Gesi ya R-22, iliyokuwa ndani ya viyoyozi vingi vya hapa, inaondolewa duniani kwa Mkataba wa Montreal kwa sababu inaharibu tabaka la ozoni, na nchi kama zetu mwisho wake ni mwaka 2030. Friji nyingi mpya za nyumbani zinatumia R-600a, ambayo inawaka moto. Fundi aliyejifunza kwa kumtazama mwenzake tu atakuja kujilipua, Mungu apishe mbali.

Sisemi kila mtu awe fundi mafriji. Tutajaa tuanze kugombania kompresa. Nasema tafuta kazi ambayo sheria au roho za watu zinalazimisha ifanywe na mwenye cheti. Uuguzi na ukunga, maabara, famasia. Serikali imejenga hospitali za wilaya Unguja na Pemba, na jengo halitibu mtu. Ualimu wa sayansi na hisabati. Ubaharia pia, ambao wazee wetu waliufanya bila karatasi na sisi tukaudharau. Sasa una mkataba wa kimataifa wa mafunzo na vyeti vya mabaharia, STCW wa 1978, na nahodha na mhandisi wa meli lazima wawe na vyeti vya umahiri, navyo vinafanywa upya kila miaka 5. Chuo kipo Dar es Salaam. Baada ya kuzama meli za Spice Islander 2011 na Skagit 2012, nani hapa Zanzibar bado anaona cheti cha baharia ni mchezo?

Binamu yangu mnaniuliza yuko wapi. Yupo. Anajitolea kwenye ofisi moja mjini, analipwa nauli, na Kiingereza na Kifaransa chake hakuna wa kukifikia katika ukoo wetu. Ni mwerevu kunishinda, hilo nalisema wazi. Lakini mabalozi wanaohitajika ni wangapi, na waliosomea ubalozi ni wangapi? Wazazi hawakuuliza. Walichinja mbuzi. Na enyi wazazi, nyinyi ndio tatizo zaidi ya watoto! Mnataka neno la kusemea harusini. Mtoto akisema "nasomea maabara" mnauliza "kwa nini si udaktari?", akisema "ufundi bomba" mnanyamaza kama amekutukaneni. Kisha akikaa nyumbani miaka na digrii yake, mnasema kapigwa jicho.

Sasa bi mkubwa, mwanao. "Kompyuta" ni neno pana. Kama ni ile kozi ya miezi mitatu ya kuandika barua na kupanga hesabu, kila mtu anayo, haitamtofautisha na yeyote. Kama ni mitandao, kuvuta waya, kutengeneza mitambo inapogoma, hiyo aisome mpaka stashahada, na kwanza yeye mwenyewe ayapekue matangazo aone inatajwa mara ngapi. Baba mwambie digrii haitamkimbia, stashahada ina njia ya kwenda juu na akiwa kazini atajisomesha. Mjomba naye hakukosea sana kuhusu hoteli. Kijana aingie, ila aingilie chumba cha mitambo, mapokezi awaachie wengine.

Na leo hii, kabla ya fomu yoyote, toa cheti chake cha kuzaliwa, cheti cha skuli na kitambulisho cha Mzanzibari, uviweke pamoja mezani. Majina yawe sawa herufi kwa herufi. Kama kimoja kina "Khamis" na chengine "Hamis", ianzeni safari ya kurekebisha sasa hivi. Tangazo likitoka, muda wa maombi ni mfupi.