Gari likipanda meli: safari ya mwalimu kutoka Hamburg

SWALI: Kamwene. Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Njombe. Kijana wetu ni muuguzi Hamburg, Ujerumani, na Julai ijayo anatualika mimi na baba yake kwa wiki tatu. Siku kumi za katikati anataka tuzunguke na gari lake: Denmark, Uswidi, Ufini, halafu turudi kwa kupitia Estonia, Latvia, Lithuania na Poland. Anasema kuna mahali gari linaingia melini. Je, tunaomba viza ngapi? Mzee ana presha lakini leseni yake ni hai, anaweza kumpokea kijana usukani? Na hiyo meli, sifichi, naiogopa. Mwaka ule wa MV Bukoba nilikuwa nafundisha Mwanza.
Mwalimu, Njombe

JIBU: Kamwene, mwalimu. Naanza na meli, kwanza kwa sababu ndiyo inayokunyima raha, pili kwa sababu safari hii inapaswa kupangwa kuanzia kwenye meli. Barabara zitafuata zenyewe.

Sitakuambia kwamba kule meli hazizami. Tarehe 28 Septemba 1994, karibu miaka miwili kabla ya msiba wetu wa MV Bukoba wa Mei 1996, meli ya MV Estonia ilizama usiku ikitoka Tallinn kwenda Stockholm, na watu 852 wakafa. Mawimbi yalivunja makomeo ya mlango wa mbele, ule unaofunguka ili magari yaingie, maji yakajaa kwenye sitaha ya magari. Watu wa pwani zile bado wanaomboleza. Lakini hawakuishia kulia: masharti ya uimara wa meli za magari yakakazwa, na abiria wa safari ndefu wanaandikwa majina kabla meli haijang'oa nanga. Ndiyo maana watataka jina la tiketi lilingane na la pasipoti, herufi kwa herufi. Wewe uliyeona watu wa Mwanza wakitafuta ndugu ambao hawakuwa kwenye orodha yoyote, utaelewa thamani ya jambo hilo. Mkifika chumbani, someni karatasi iliyobandikwa mlangoni inayoonyesha pa kukusanyikia na makoti ya kujiokolea yalipo, kisha mtembee mpaka pale kwa miguu. Mimi hufanya hivyo kabla ya kufungua begi.

Sasa njia. Kutoka Hamburg mtapanda kaskazini hadi Puttgarden, ambako kivuko huvuka kwenda Rødby, Denmark, kwa dakika 45 tu. Hicho ndicho kipimo kizuri cha moyo wako, maana ng'ambo haichelewi kuonekana. Hamburg hadi Copenhagen kwa njia hiyo ni umbali wa Mbeya na Iringa hivi. Toka Copenhagen kuna daraja na njia ya chini ya bahari ya Øresund, iliyofunguliwa mwaka 2000, ya kulipia, mpaka Malmö, Uswidi. Malmö hadi Stockholm ni kilomita 600 na kitu. Mlale Jönköping, katikati, kando ya ziwa Vättern, kijana apumzike. Stockholm meli huondoka jioni na kufika Helsinki asubuhi. Saa za mwanzo inapita katikati ya visiwa vidogo vidogo, vingine vina nyumba moja tu, na Julai jua linachelewa sana kuzama. Usijifungie chumbani, mwalimu. Kaa dirishani.

Hapo ndipo natofautiana na kijana. Kurudi kwa Tallinn, Riga na Poland ni zaidi ya kilomita 1,600, yaani Mbeya na Dar es Salaam kwenda na kurudi, dereva akiwa mmoja, katika siku zilizobaki. Mtaona lami na vituo vya mafuta. Kama Tallinn inamvutia, na mji ule wa kale unastahili, acheni gari Helsinki mvuke kwa miguu, saa mbili tu, mrudi jioni. Kisha pandisheni gari kwenye meli ya Helsinki hadi Travemünde, karibu na Lübeck. Ni takriban saa 30 baharini, hivyo subiri kwanza uone Puttgarden na Stockholm zimekukalia vipi moyoni. Lakini dereva atalala, na toka Travemünde hadi Hamburg ni mwendo wa saa moja na ushee.

Mzee asiendeshe. Leseni si tatizo kubwa kwangu. Tatizo ni kwamba kule wanapita kulia, na mtu aliyeshika kushoto maisha yake yote huchanganyikiwa hasa kwenye mizunguko na anapotoka kituo cha mafuta. Uswidi ina wanyama wa msituni wanaoitwa älg, aina ya kulungu mrefu kuliko gari dogo, wanaovuka barabara alfajiri na jioni. Mzee akae mbele, awe macho ya pili.

Dawa zake za presha zisibaki garini. Meli ikishaondoka sitaha ya magari hufungwa, na haifunguliwi mpaka karibu na kufika. Begi moja dogo lenye dawa, sweta na pasipoti lipande nanyi. Andikeni pia namba ya sitaha, maana milango yote inafanana.

Viza ni moja. Nchi zote ulizozitaja zimo Schengen, kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Mnaiomba kwa nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi, na kwenu ni Ujerumani, hivyo ni ubalozi wake Dar es Salaam. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, msingoje Mei. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima, na bima ya matibabu isipungue euro 30,000, ihusu Schengen yote. Kijana asaini hati ya kuwadhamini kwenye ofisi ya wageni ya mji wake, awatumie nakala halisi. Pasipoti mwe nazo mkononi hata hivyo, kwa kuwa Denmark, Uswidi na Ujerumani hukagua mipakani mara kwa mara.

Nguo za baridi za Njombe zinatosha, ila mbebe kitu cha kuzuia upepo wa sitahani. Fedha: Denmark na Uswidi kila moja ina krona yake, Ufini na Estonia ni euro.

Julai ndiyo likizo yao, nafasi za magari melini huisha mapema kuliko vyumba. Mwambie kijana akate tiketi zinazorudishika fedha, kwa kuwa viza bado, na apime urefu na kimo cha gari pamoja na sanduku la juu ya paa kama analo. Bei hupangwa kwa vipimo hivyo, na gari lililozidi kimo kilichoandikwa linaweza kukataliwa pale pale foleni.