Mkuu, usisaini awamu ya mwisho kwa namba za simu ulizopewa na mtoa mafunzo

Mleta mada, weka kalamu chini kwanza.

Umeandika kwamba umeingizwa kwenye kamati ya kufuatilia mafunzo ya ajira yanayolipwa na serikali. Mtoa mafunzo amekukabidhi orodha ya wahitimu 240 na namba zao za simu, daftari za mahudhurio na barua za waajiri, nawe unapanga kuwapigia wahitimu 20 kisha Ijumaa usaini awamu ya mwisho ya malipo. Ukauliza mambo mawili: kama hao 20 wanatosha, na uwaulize nini. Wachangiaji walionitangulia wamekupongeza kwa uadilifu. Mimi nimesoma nikahisi mtu kanimwagia maji ya baridi mgongoni, maana huo mpango wako ndio uliokuwa wangu. Tofauti ni kwamba mimi nilipiga simu 15.

Nilikuwa afisa ufuatiliaji wa mpango kama huo. Wachomeleaji 60, miezi mitatu, malipo kwa awamu: asilimia 30 darasa likianza, 30 katikati, na 40 iliyobaki mtoa mafunzo akithibitisha kwamba wahitimu wamepata kazi na wamekaa kazini wiki nane. Kwenye karatasi ni mkataba mzuri. Hata leo nikiusoma nauona mzuri.

Nilianza na daftari la mahudhurio. Nikalipekua ukurasa kwa ukurasa: saini zote zipo, tarehe zote zipo, hakuna pengo. Nikafurahi. Nilichokuwa nimekishika nilikuja kukiona miezi mingi baadaye, siku mkaguzi aliponiwekea daftari lile lile mezani akaniuliza, "Kaka, unaona nini hapa?" Nikamjibu naona mahudhurio kamili. Akasema, "Mimi naona daftari la karakana ya uchomeleaji lililokaa miezi mitatu bila alama hata moja ya kidole cheusi."

Aisee. Kurasa nyeupe, kona hazijakunjwa, hakuna tone la jasho wala tobo la cheche. Watu 60 wanaoshinda na chuma na grisi, wanasaini asubuhi na jioni, na wote wana mikono misafi kuliko daktari wa upasuaji. Halafu peni moja ya bluu, kuanzia siku ya kwanza hadi ya mwisho. Peni gani hiyo isiyoisha wala kuibiwa? Na kabla hamjaanza kunicheka, nilikuwa nimevaa miwani. Tena ya kupimwa.

Tuje kwenye simu. Wote 15 walipokea kabla mlio wa tatu. Wewe umeshawahi kupiga simu 15 zikapokelewa zote? Mimi mama yangu mzazi hunipokea nikipiga mara ya tatu. Wote wakaniambia wameridhika sana na mafunzo na sasa wanajitegemea, kwa mpangilio huo huo wa maneno. Wa nne na wa tisa walikuwa na sauti moja. Nikajisemea labda ni ndugu. Ndiyo, niliwaza hivyo, na nilikuwa nalipwa mshahara kwa kuwaza.

Barua za ajira zilitoka kwa waajiri watatu tu, zote zimechapwa kwa mwandiko mmoja, na mmoja wa waajiri hao anwani yake ilikuwa jengo lile lile la kituo cha mafunzo, ghorofa ya juu. Hiyo anwani niliisoma. Niliisoma nikafungua faili linalofuata. Nikasaini.

Wiki tano baada ya malipo kutoka, binti mmoja aliingia ofisini na bahasha ya kaki.

"Shikamoo kaka. Nimekuja kuuliza, yale mafunzo ya kuchomelea yataanza lini? Niliomba mwaka jana, sijaitwa mpaka leo."

Nikamwomba jina nimwangalizie. Nikaliona, namba 23. Amehitimu, cheti kimetoka, ameajiriwa, yuko kazini mwezi wa nne. Na namba ya simu iliyo mbele ya jina lake ni ya yule wa tisa, aliyeridhika sana. Unajua nilimwambia nini? Nilimwambia aende nyumbani, tutampigia simu. Hilo ndilo linaloniuma kuliko hela.

Ukaguzi ulipoingia, kati ya wale 60, wanafunzi hewa walikuwa 22. Watu waliokuwepo kweli nao walifanyiwa mchezo mwingine: walipewa ovaroli, wakafagia karakana wiki nane kamili, wiki ya tisa wakaambiwa warudishe ovaroli. Mkataba ulisema wiki nane, wakapewa wiki nane. Mtoa mafunzo alipobanwa alijibu kwa sentensi moja tu: afisa wenu alithibitisha. Na kweli alithibitisha, saini ninaijua vizuri, ile ya kupindapinda niliyoanza kuifanyia mazoezi shuleni nikidhani siku moja nitakuwa mtu mkubwa. Nilisimamishwa miezi saba kwa nusu mshahara. Yeye wakati huo alikuwa anaomba zabuni nyingine, kwa jina jipya.

Sasa nimseme na yule aliyeniingiza mkenge. Kabla ya kazi tulipelekwa semina ya siku mbili, akaletwa mshauri elekezi mwenye slaidi nyingi. Neno lake kuu lilikuwa "nyaraka zikikamilika, kazi imekamilika". Nikauliza, na mashahidi wapo, je, tusiende kuwaona wanafunzi wenyewe bila taarifa? Akacheka. Akasema mtoa mafunzo ni mshirika wetu, si mtuhumiwa, na ziara za kushtukiza zinaharibu uhusiano. Ukumbi ukacheka naye. Nikakaa chini nimeona aibu, na ile aibu ndiyo iliyosaini zile karatasi. Kimeumana, yeye hakuitwa kuhojiwa hata siku moja. Alishalipwa. Nyaraka zake zilikuwa zimekamilika.

Msiseme haya ni mambo ya nchi zisizo na mifumo. Uingereza walizindua akaunti za kujifunzia Septemba 2000, serikali inamchangia mtu mzima ada ya kozi. Kuandikishwa kuwa mtoa mafunzo kulikuwa kazi rahisi mno, ubora haukuchujwa mlangoni. Akaunti zaidi ya milioni 2.5 zilifunguliwa, na kufika Novemba 2001 wakalazimika kuufunga mpango mzima, serikali imedaiwa hela za mafunzo ambayo watu hawakuyasoma. Australia nako, kwenye mikopo ya vyuo vya ufundi ya VET FEE-HELP, mawakala waligonga milango ya watu wakigawa kompyuta za bure ili mtu ajiandikishe kozi. Deni likabaki kwa mwanafunzi, chuo kikalipwa na serikali. Mwisho wa mwaka 2016 mpango ukafungwa. Ukiangalia, kote huko anayelipwa kwa hesabu ndiye aliyekuwa anapeleka hesabu.

Hata pale ambapo hakuna wanafunzi hewa, hesabu inachezewa. Marekani chini ya JTPA, sheria ya mafunzo ya kazi ya mwaka 1982, vituo vilipimwa kwa idadi ya waliopata kazi, na mtu alihesabika pale tu alipoondolewa rasmi kwenye orodha. Basi mwenye kazi anaondolewa haraka, asiye na kazi anaachwa aning'inie orodhani mpaka kipindi cha hesabu kinachofaa. Hakuna aliyeghushi chochote hapo, ni kalenda tu. Na mlangoni walikuwa wanachuja: anachukuliwa yule ambaye angepata kazi hata bila mafunzo, aliyekusudiwa na mpango anaachwa nje. Kwa hiyo mtoa mafunzo akikuletea asilimia 90 ya walioajiriwa, usipige makofi kabla hujajua aliwakataa kina nani.

Kanuni yangu ni hii, na nimeilipia: jina ulichague mwenyewe, njia ya kumpata uitafute mwenyewe, na mtu umwone mwenyewe. Kikikosekana kimoja, usisaini.

Jina unalichagua kwenye fomu za maombi za mwanzo, zile watu walizojaza kabla mtoa mafunzo hajawagusa. Si kwenye orodha ya wahitimu. Kwenye orodha ya wahitimu binti wa namba 23 anaonekana fundi hodari, kwenye fomu ya maombi ana anwani yake, na ndugu wa karibu wa kumtafutia. Chagua kwa bahati nasibu, usiku wa kuamkia safari, usimwambie mtu, hata dereva. Ukitangaza majina Jumatatu, Jumatano utakuta wote wamefundishwa cha kusema.

Namba ya simu usiichukue kwa mtoa mafunzo, hata akikuapia. Akikupa, ipokee, kisha uilinganishe na ya kwenye fomu. Zile zinazotofautiana ndizo za kuanza nazo.

Na mtu ukimwona, usimuulize kama ameridhika. Hilo swali ni la mwenye hoteli. Muulize mwalimu wake alikuwa anaitwa nani, karakana ilikuwa na mashine ngapi na ngapi zilikuwa zinafanya kazi, siku ya kwanza walichomelea nini, choo kilikuwa upande gani. Mtu aliyesoma pale miezi mitatu atakujibu bila kufikiri, na ataongeza malalamiko ambayo hukumuuliza. Asiyesoma atakuambia aliridhika. Kwa mchomeleaji, mpe vipande viwili vya chuma. Dakika kumi zinatosha kuwatenganisha.

Wangapi? Sikujali tena idadi baada ya yale. Mimi 15 wa simu hawakunisaidia kitu, na watano wa kuonana nao uso kwa uso wangenitosha kabisa, maana kwenye darasa lile zaidi ya theluthi walikuwa hewa. Hao 20 wako, ukiwaendea mlangoni, ni wengi. Kwa simu, hata 240 wote ni kazi bure.

Kwenye ajira, tafuta ushahidi kwa mtu asiyefaidika na jibu. Marekani wenyewe walipoibadilisha JTPA kwa sheria ya mwaka 1998, walianza kutumia taarifa za mishahara ambazo waajiri wanazipeleka kwenye bima ya ukosefu wa ajira, badala ya kumuuliza kituo. Kama kuna mfuko wa hifadhi ya jamii unaoweza kukuonyesha michango, omba majina yako yapitishwe huko, na uombe mpaka mwezi wa sita, usiishie wiki ya nane. Kasoro yake ni kwamba aliyejiajiri haonekani humo, na mafundi wengi hujiajiri. Huyo mfuate ukamwone kazini kwake.

Mtoa mafunzo atanuna. Atasema unamchelewesha, ana mishahara ya kulipa. Aliye safi ananuna siku mbili kisha anakusindikiza mwenyewe. Wangu aliniletea kalenda ya ukutani na kofia yenye nembo ya kituo. Kofia bado ninayo, naivaa nikipaka rangi.

Sasa wewe nijibu jambo moja kabla hujafanya lolote. Fomu za maombi za hao 240, zile za mwanzo kabisa, ziko kabatini kwenu au ziko kwa mtoa mafunzo? Kama ziko kwenu, kesho asubuhi anza safari. Kama ziko kwake, basi Ijumaa ugua, mkuu. Homa, mgongo, chochote kile.