Milioni ya Kampala si milioni ya Muheza

Mshahara wangu wa kwanza hapa Kampala ulipoingia, nilimpigia Mama simu nikamwambia nimelipwa milioni moja na laki nane. Nilikosea kwa kutosema shilingi ya wapi. Mama yuko Muheza, Tanzania, na kwake shilingi ni shilingi. Kufikia Jumapili wajomba wawili walikuwa wameshanieleza shida zao, na mmoja alikuwa na bei za mabati mkononi. Kwa hela ya kwetu, kiasi kile kilikuwa kama milioni moja na laki mbili tu, na nilikuwa sijalipa kodi ya nyumba.

Basi ukitaka kuishi kwa amani na ndugu zako, taja hela kwa shilingi ya kule inakokwenda. Nchi zetu tatu zote zina shilingi, lakini shilingi moja ya Kenya inakupa zaidi ya ishirini na tano za Uganda, na ya Tanzania inakupa moja na kitu. Siku hizi nikimwambia Mama kiasi, huuliza kwanza, "Za kwetu au za huko?"

Nafundisha Kiswahili kwenye shule moja upande wa Kansanga. Tangu baraza la mawaziri la Uganda lilipopitisha Kiswahili kiwe lugha rasmi, Julai 2022, hata kijana anayeniuzia rolex (chapati ya kuviringishiwa mayai) asubuhi ananiita Mwalimu. Wageni wenzangu, wengi wao wanafunzi kutoka Kenya na Tanzania, huniuliza swali moja: njia gani ya kutuma hela nyumbani ina makato madogo? Nami huwaambia wanaangalia pasipo.

Makato unayaona kwenye skrini kabla hujabonyeza ndiyo. Hela yako inaliwa kwenye bei ya kubadilishia, ambayo haiitwi makato. Tuseme leo shilingi 100 za Uganda zinabadilishwa sokoni kwa 70 za Tanzania. Unatuma 600,000 kwa simu. Mtandao unakukata ada ya elfu chache, unafurahi. Lakini ukiangalia bei waliyokupa, ni 66. Mama angepata 420,000, amepata 396,000. Elfu ishirini na nne za kwetu zimepotea, na hakuna ujumbe wowote uliokuambia kuwa zimekatwa. Mimi nilituma hivyo karibu mwaka mzima, na bado nikawa najisifu kwamba nimepata njia ya bei nafuu.

Kwa hiyo usiulize ada. Uliza hivi: nikitoa hiki hapa, kule atashika ngapi mkononi? Chukua majibu ya njia tatu siku hiyohiyo, maana bei hubadilika, halafu linganisha. Na usisahau ya kutolea. Mtanzania hajatumiwa hela kama hakutumiwa na ya kutolea.

Benki nayo ina mtego wake. Hawala ya kimataifa ya kawaida huenda kwa dola: shilingi ya Uganda inageuzwa dola, dola inapitia benki ya tatu huko mbali, ikifika Tanzania inageuzwa tena shilingi. Umebadilisha mara mbili, na kila mlango una mlinzi wake anayetaka chochote. Kwenye fomu kuna sehemu ya kuchagua nani alipe gharama za njiani: wewe, mpokeaji, au mgawane. Nilipoacha karani anijazie, Mama alipokea pungufu, akadhani nimemdanganya kiasi. Jaza mwenyewe.

Kuna njia ambayo makarani wengine hawakutajii mpaka uitaje wewe. Benki kuu za Afrika Mashariki zina mfumo wao wa kulipana, EAPS, unaofanya kazi tangu 2013, ambao hela inaweza kuvuka mpaka kwa sarafu zetu wenyewe bila kupitia dola. Nilipoiuliza dirishani mara ya kwanza, yule dada aliniangalia kana kwamba nimemuuliza njia ya kwenda mwezini. Akamwita mkubwa wake, mkubwa wake akaijua. Kwa kiasi kikubwa, kama ada ya chuo au kiwanja, inafaa kuulizia. Kwa laki mbili tatu za mwisho wa mwezi, simu inatosha.

Kufungua akaunti kwenyewe si kugumu kama watu wanavyotisha. Mimi niliombwa pasipoti, kibali cha kazi, namba ya mlipakodi ambayo URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, wanaitoa bure mtandaoni, barua ya mwajiri, na barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa ninaoishi. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyonichosha, kwa sababu mwenyekiti wetu hapatikani mpaka jioni, na ukimpata lazima mzungumze mpira kwanza. Uganda haizuii mtu kuweka dola, kwa hiyo anayelipwa kwa dola afungue akaunti ya dola, abadilishe kidogokidogo anapohitaji. Ukiulizwa maswali mengi kuhusu hela imetoka wapi, usikasirike. Uganda ilikuwa kwenye orodha ya kuangaliwa ya FATF, chombo cha kimataifa kinachofuatilia utakatishaji wa fedha, kuanzia Februari 2020 hadi Februari 2024, na Tanzania kuanzia Oktoba 2022 hadi Juni 2025. Mabenki yamezoea kuuliza. Nenda na hati ya mshahara, mazungumzo yatakuwa mafupi.

Kuhusu hela ya simu ya hapa, jua kwamba kuna kodi ya serikali ya asilimia 0.5 unapotoa, mbali na ada ya mtandao. Ilianza Julai 2018 ikiwa asilimia 1 kwa kila muamala, watu wakapiga kelele, ikapunguzwa. Sisi tulioonja tozo za miamala Tanzania mwaka 2021 tunaijua hiyo hadithi. Ndiyo maana mimi silimbikizi hela kwenye simu kisha kuitoa. Inayokaa, inakaa benki.

Sababu nyingine ya kutolimbikiza ni hii. Kibali changu kilikuwa kinakaribia kuisha, nikapeleka maombi mapema, majibu yakachelewa. Laini yangu ilikuwa imesajiliwa kwa kibali kile cha zamani. Jumamosi moja naamka, simu haina mtandao. Ndani ya laini kulikuwa na hela ya kodi ya nyumba. Nilizunguka kwenye madawati ya kampuni siku nne nikiwa na karatasi, huku mwenye nyumba akinisalimu kwa ufupi zaidi kila siku. Hela ilipatikana yote, lakini tangu hapo tarehe ya kibali nimeiandika ukutani, na sehemu ya hela iko pengine.

Usijaribu kukwepa hilo kwa kusajili laini kwa kitambulisho cha mwenyeji. Mkenya mmoja, jirani yangu, alitumia cha mpwa wa mwenye nyumba. Wakagombana kwa jambo la maji, kijana akaenda kuibadilisha laini kwa jina lake halali, akaondoka na kila kilichokuwamo. Ungeshtaki vipi? Kisheria laini ni yake.

Dola taslimu za kumpa msafiri sizipendi, ila zikibidi, kagua noti. Maduka ya kubadilishia fedha ya Kampala Road hutoa bei ya chini kwa noti za zamani na kwa noti ndogo ndogo. Niliwahi kuletewa dola 200 za kumi kumi, na niliposogea dirishani bei iliyoandikwa ubaoni haikuwa yangu. Na kama ni hela nyingi, sheria ya Uganda inataka uitangaze mpakani ikizidi shilingi milioni 30.

Jambo ambalo sikuambiwa na mtu ni laini ya nyumbani. Benki yangu ya Tanzania hutuma namba za siri kwenye laini ile, na mimi nilikuwa nimeitupa kwenye droo. Laini isipotumika muda mrefu hufungwa, na namba inaweza kupewa mtu mwingine. Yangu ilifungwa. Kuirudisha kunataka alama za vidole kwa wakala aliye Tanzania, hakuna wa kuchukua kidole changu Kampala. Nikapanda basi alfajiri, nikapita Masaka, nikashuka Mutukula mpakani, nikavuka kwa miguu. Wakala alikuwa chini ya mwavuli, akanibonyezesha kidole, akanipa laini, dakika kumi. Nilinunua vocha ya elfu moja, nikampigia Mama, nikarudi kupanga foleni ya mhuri. Kampala nilifika saa nne usiku.