Nani huwateua wasimamizi wa vituo vya kura?

Umeuliza kama watu wanaokaa mezani siku ya kura huletwa na vyama. Inategemea nchi. Kwanza tuwaweke pembeni mawakala: hao ni wa vyama kweli, lakini kazi yao ni kuangalia na kupinga wakiona kasoro, si kugawa karatasi.

Anayetafuta jina lako daftarini na kukukabidhi karatasi ni msimamizi au karani. Kenya na Tanzania nafasi hizo hutangazwa na tume ya uchaguzi, watu wanaomba, wanasailiwa, na wanaopita hupewa mafunzo na kula kiapo. Ni kibarua cha siku chache. Tanzania wanaapa kutunza siri, na pia kutamka kwamba si wanachama wa chama chochote au wamejitoa.

Sehemu nyingi za Marekani ni kinyume kabisa: vyama viwili vikubwa hupendekeza majina, ofisi ya uchaguzi ya eneo inateua, ili pande zote mbili ziwepo na zichungane.

Mimi naupenda zaidi utaratibu wa Hispania. Manispaa hufanya bahati nasibu hadharani kutoka daftari la wapiga kura: kila meza mwenyekiti na wajumbe wawili, na wa akiba juu. Uwe chini ya miaka 70 na ujue kusoma na kuandika. Jina likitoka, unakwenda. Kutofika bila sababu inayokubalika ni kosa la jinai. Mkubwa gani atapanga watu wake hapo?