Nyota jozi zenye rangi: anza na ukuzaji mdogo

Wewe unayeanza kutazama nyota jozi (nyota mbili zinazoonekana zimekaribiana angani) kwa darubini ndogo uani kwako, usikimbilie lenzi yenye nguvu kuliko zote. Rangi ya nyota hujitokeza inapolinganishwa na ya jirani yake. Ukizikuza mno zinaachana, na mvuto wote unapungua.

Albireo, iliyo kwenye kundinyota la Cygnus, ndiyo darasa bora. Itafute jioni za Julai hadi Oktoba. Nyota zake mbili zimeachana kwa takriban sekunde 35 za tao (gawa digrii moja mara 3,600 upate sekunde moja), hivyo hata darubini ya kipenyo cha milimita 60 inazitenganisha vizuri. Ukuzaji wa mara 30 hadi 50 unatosha. Inayong'aa zaidi ni ya dhahabu, mwenzake ni wa bluu, na tofauti hiyo ni ya kweli: uso wa nyota ya bluu una joto zaidi ya maradufu ya ule wa nyota ya dhahabu.

Rangi zikionekana hafifu, sogeza fokasi kidogo sana hadi nyota ivimbe iwe kiduara. Mwanga uliokuwa umebanwa kwenye nukta moja unatawanyika, na jicho linaitambua rangi kwa urahisi zaidi. Mbinu hii inafaa nyota angavu tu. Zilizofifia zinazidi kupotea, kwa sababu seli za jicho zinazotambua rangi zinahitaji mwanga wa kutosha. Hapo dawa ni darubini ya kipenyo kikubwa zaidi.

Andika rangi ulizoziona kabla hujasoma za wengine. Nalisisitiza hili kwa sababu jicho huathiriwa kirahisi. Mwenzi wa Antares, nyota angavu nyekundu ya kundinyota la Scorpius, kwa mfano, wengi humwona kijani, ilhali ni nyota ya bluu-nyeupe iliyo kando ya jitu hilo jekundu.

Subiri nyota ipande juu, maana karibu na upeo wa macho hewa huipaka rangi isiyo yake. Mbalamwezi isikuzuie, nyota jozi angavu huistahimili.

Baada ya Albireo nenda Almach, jozi ya kundinyota la Andromeda, ya rangi ya machungwa na bluu, iliyobanana zaidi: karibu sekunde 10. Iota Cancri, ya kundinyota la Cancer, ni rahisi, sekunde 30. Antares iache mwisho. Mwenzi wake yuko chini ya sekunde 3 na amemezwa na mng'ao, kwa hiyo anataka hewa iliyotulia kabisa na, kwa mara hii, ukuzaji mkubwa.